Boksi, kistari na mshale: kuchora mfumo wa kompyuta kwa herufi tupu

Kuna kitu watu wanaoandika programu wanakifanya kila siku alafu hakuna anayekaa kuwafundisha, nacho ni kuchora kwa kibodi. Sio kuchora picha kwa mausi, hapana, nazungumzia ile michoro unakuta mtu kaunda boksi kwa vistari na alama za kujumlisha, ndani kaandika "seva", alafu mshale wa vistari umetoka hapo mpaka boksi la pili. Wengi wanaona ni mchezo wa watu waliokosa programu ya kuchorea. Mimi naona hii ni kati ya njia bora kabisa za kuelezea mfumo, shida ni kwamba wengi wanaanza na boksi wakati walitakiwa waanze na swali.

Mfano mwepesi kwanza ili tujue tunaongelea nini:

```
+-----------+  ombi   +--------+  swali   +----------+
| Kivinjari | ------> |  Seva  | -------> | Databesi |
|           | <------ |        | <------- |          |
+-----------+  jibu   +--------+  data    +----------+
```

Hapo hakuna picha, kuna alama tano tu za kibodi ukiacha maneno. Na mtu ambaye hajawahi kuuona mfumo wenyewe ameshajua jambo la maana, kwamba kivinjari hakiigusi databesi (ghala la data), lazima kipitie kwa seva. Mistari minne. Unaikopi unaitupia kwenye barua pepe, kwenye maelezo (comments) ya kodi, yani maandishi ya programu, kwenye terminali (dirisha la amri za maandishi) ya seva ambayo haijui picha ni nini, na miaka ishirini ijayo itafunguka tu bila kukuuliza una toleo gani la programu gani.

Sasa kwa nini alama hizi na si nyingine. Jibu liko kwenye ASCII, ule mpangilio wa herufi uliotoka Marekani mwaka 1963. ASCII tunayoijua leo ina nafasi 128, na kati ya hizo ni 95 tu zinazochapika ukihesabu na nafasi tupu, zilizobaki ni amri za mashine. Cha kuchekesha ni kwamba toleo la 1963 lilikuwa na mishale miwili ya ukweli, mmoja wa kwenda juu na mmoja wa kwenda kushoto, alafu toleo la 1967 likaiondoa, palipokuwa na mshale wa juu pakakaa ile kofia ^ na palipokuwa na mshale wa kushoto pakakaa mstari wa chini _. Kwa hiyo mishale tunajitengenezea wenyewe: kistari na alama ya kubwa kuliko kwenda kulia, kofia kwenda juu, na kushuka chini tunaazima herufi v. Ukishaizoea huoni tena v, unaona mshale.

Na upana nao una historia yake. Kadi za kutoboa za IBM za mwaka 1928 zilikuwa na safu 80, terminali za baadae zikafuata hapohapo, VT100 ya 1978 ilionyesha safu 80 kwa mistari 24, na mpaka leo ukifungua terminali mpya kwenye kompyuta nyingi dirisha linaanza na 80. Waliokuwa wanaandika nyaraka za RFC, yani zile zinazoeleza protokoli (kanuni za mawasiliano) za intaneti tangu 1969, wakajibana zaidi: mstari usizidi herufi 72. Ndani ya huo ubanifu ndo ikatoka michoro ambayo mimi binafsi naiona ni kazi ya sanaa. Angalia mstari wa kwanza wa kichwa cha pakiti ya IP (kifurushi cha data kinachosafiri kwenye intaneti), mchoro ulioko kwenye RFC 791 ya Septemba 1981, hapa nimeweka maneno ya Kiswahili:

```
 0                   1                   2                   3
 0 1 2 3 4 5 6 7 8 9 0 1 2 3 4 5 6 7 8 9 0 1 2 3 4 5 6 7 8 9 0 1
+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+
| Toleo |Kichwa |    Huduma     |          Urefu wote           |
+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+-+
```

Kila biti moja (0 au 1) imepewa herufi mbili, kistari kimoja na alama moja ya kujumlisha, kwa hiyo biti 32 zinachukua herufi 64 na moja ya kufungia, jumla 65, inaingia ndani ya 72 bila kubanana. Juu kuna rula ya kuhesabia. Mtu anaeandika programu ya kusoma pakiti anaweka kidole kwenye skrini anahesabu: toleo ni biti 4, urefu wa kichwa biti 4, aina ya huduma 8, urefu wote 16. Upana wa boksi ndo kipimo chenyewe, mchoro na data vinalingana kabisa. TCP, protokoli inayohakikisha data inafika kamili na kwa mpangilio, ilipoandikwa upya kwenye RFC 9293 mwaka 2022, miaka zaidi ya arobaini baada ya RFC 793 iliyokuwa inaieleza, michoro ya herufi ilibaki palepale, japo tangu RFC 7996 ya 2016 waandishi wameruhusiwa kutumia SVG, yani picha za mistari za ukweli. Wangeweza kuachana nayo, hawakuachana nayo.

Basi turudi kwenye swali. Ukikaa kuchora "mfumo wetu" utachora takataka, niwe mkweli tu. Utaweka kila kitu unachokijua, maboksi kumi na tano, mishale inakatana kama nywele za mtu aliyetoka kuamka, na msomaji atakachotoka nacho ni kwamba mfumo wenu ni mgumu. Mchoro mmoja unajibu swali moja. Na swali ndo linaamua umbo, sio wewe unavyojisikia. Nani anaongea na nani, hilo ni la maboksi kama yale ya juu. Nini kiko ndani ya nini, hilo ni mti:

```
mradi/
|-- picha/
|   |-- nembo.svg
|   `-- ramani.svg
|-- kodi/
|   |-- malipo.py
|   `-- watumiaji.py
`-- SOMA.txt
```

Mti hauna haja ya maelezo mengi, kuna amri inaitwa tree inakuchorea yenyewe, wewe kazi yako ni kufuta yale matawi ambayo hayahusiani na unachoelezea. Watu wanasahau hiyo hatua ya kufuta, wanapesti mafaili mia mbili.

Swali linalosumbua zaidi ni la muda, yani nani anamwambia nani nini, na kwa mfuatano upi. Hapo maboksi yanakudanganya. Ukichora kivinjari na seva alafu ukaweka mishale sita kati yao msomaji hajui upi unaanza. Dawa yake ni kuugeuza mchoro: kila mhusika anapata mstari wake wa kusimama, muda unashuka kwenda chini, na kila ujumbe unakuwa mshale wa kulala. Hivi ndo TCP inavyofungua mazungumzo, namba nimechagua tu mimi:

```
  Mteja                        Seva
    |                           |
    |---- SYN seq=500 --------->|
    |                           |
    |<--- SYN+ACK seq=900 ------|
    |             ack=501       |
    |                           |
    |---- ACK ack=901 --------->|
    |                           |
```

Soma kutoka juu kushuka: SYN ni ombi la kuanza, ACK ni kukiri kupokea, seq ni namba ya anayetuma na ack ni namba anayoisubiri. Mteja anasema naanza kuhesabu kutoka 500, seva inajibu sawa mimi naanza 900 na sasa nasubiri 501 kutoka kwako, mteja anamalizia nasubiri 901. Hatua tatu. Jaribu kulielezea hilo kwa aya bila mchoro uone utakavyojikwaa na "yeye" na "huyo mwingine". Na uzuri wake mwingine ni kwamba nafasi tupu katikati ya mishale nayo inaongea, ukitaka kuonyesha kwamba seva imekaa kimya kwa muda unaongeza mistari mitatu mitupu, au unaandika pembeni "inasubiri hapa", na ujumbe uliopotea njiani unauishia katikati kwa herufi X. Matatizo mengi ya mifumo ni matatizo ya muda, huyu kafika kabla ya yule, jibu limechelewa mteja akatuma tena, kwa hiyo ukijifunza aina moja tu ya mchoro kwenye makala hii basi jifunze huu.

Alafu kuna swali la hali, kwamba kitu kinaweza kuwa katika hali gani na nini kinakitoa hapa kukipeleka pale. Oda kwa mfano: imeundwa, imelipwa, iko njiani, imekamilika, imefutwa. Watu wanakimbilia maduara na mishale, na mishale ikizidi saba au nane kwa herufi tupu inakuwa fujo mana huna mistari ya kupinda vizuri. Hapa ushauri wangu utawaudhi wapenda kuchora: usichore, andika jedwali.

```
Hali ya sasa | Kimetokea nini     | Hali mpya
-------------+--------------------+------------
imeundwa     | malipo yamepita    | imelipwa
imeundwa     | dakika 30 zimeisha | imefutwa
imelipwa     | mzigo umetoka      | njiani
imelipwa     | mteja kaghairi     | imefutwa
njiani       | mteja kapokea      | imekamilika
```

Umeona kitu? Hakuna mstari unaosema mteja akighairi wakati mzigo uko njiani inakuwaje. Kwenye mchoro wa mishale hilo pengo usingeliona kwa sababu mshale ambao haupo hauonekani, lakini kwenye jedwali unapita hali moja moja, tukio moja moja, na penye pengo unapaona. Mishale inashinda pale tu unapotaka mtu aone mzunguko, kitu kinachorudi kilikotoka. Kama hakuna mzunguko, jedwali.

Mzunguko wenyewe ukiwa mmoja unachorika vizuri tu. Tuseme programu inatuma barua pepe kupitia foleni, na ikigoma inajaribiwa tena:

```
             (1)            (2)                (3)
 [programu] ----> [foleni] ----> [mfanyakazi] ----> [barua pepe]
                     ^                 |
                     |                 |
                     +------ (4) ------+
```

(1) programu inaweka kazi kwenye foleni alafu inaendelea na mambo yake, haisubiri
(2) mfanyakazi (programu nyingine ya kutuma) anachukua kazi moja
(3) anajaribu kuituma
(4) ikigoma kazi inarudi kwenye foleni, ikishagoma mara 5 inaachwa na kuandikwa kwenye kumbukumbu za makosa

Hizo namba ndani ya mabano ndo ujanja ninaoutumia kuliko wowote. Ukianza kuandika "inarudi kwenye foleni kama imeshindwa na haijafika mara tano" juu ya mshale, mshale unarefuka, boksi linasukumwa, mstari unapita 80, kila kitu kinabomoka. Weka namba, maelezo yashuke chini ya mchoro ambako kuna nafasi ya kutosha na unaweza kuandika sentensi kamili kama mtu mzima. Na unaona hapo nimetumia mabano ya mraba badala ya maboksi kamili, kwa sababu ukuta wa boksi haukuwa na kazi yoyote. Boksi lenye kuta weka pale unapotaka kuonyesha kitu kina ndani na nje, mfano programu tatu zinakaa kwenye seva moja. Vinginevyo jina ndani ya mabano linatosha kabisa.

Ubanifu wa safu 80 watu wanaulalamikia lakini mimi ndo ninachoupendea. Programu ya kuchora picha inakupa karatasi isiyo na mwisho, unaongeza tu, unasogeza mbali, unaongeza. Herufi tupu zinakukatalia. Ukifika boksi la tano kwa upana nafasi imeisha, inabidi uamue lipi litoke, na huo uamuzi ndo ufafanuzi wenyewe. Kama mchoro haukai kwenye upana huo, mara nyingi una maswali mawili yamegombania nafasi, yagawe, chora miwili. Na kama unajua wasomaji wako wanatumia simu basi hata 80 ni nyingi mno, skrini ya simu inabeba nusu ya hapo au pungufu, mstari unakatika unaangukia chini na boksi zima linakuwa magofu. Chora kushuka, sio kwenda kulia, mana simu inaskroli kwenda chini bila shida yoyote.

Tukija kwenye kuchora kwenyewe kwa mikono, kinachowakatisha tamaa watu ni kwamba ukiongeza herufi moja kila kitu kulia kwake kinasogea. Hii sio lazima uvumilie. Edita nyingi (programu za kuandikia kodi) zina hali ya kuandika juu ya kilichopo badala ya kusukuma, kwenye Vim unabonyeza R kubwa, na ukiweka "set virtualedit=all" kasa (cursor, kialama cha unapoandika) inaenda popote hata pasipo na herufi, ni kama umepewa karatasi ya miraba. Emacs wana picture-mode na artist-mode ambayo unachora kwa mausi kabisa. Kama hizo hutaki kuna ASCIIFlow kwenye kivinjari na Monodraw kwa wenye Mac, unavuta boksi kwa mausi alafu unatoa maandishi. Mimi nasema anza na nafasi, usianze na ukuta: andika majina kwanza yakiwa yameachana vya kutosha, tia mishale, na kuta ziwe za mwisho. Anayeanza na kuta anazibomoa mara tatu.

Kuna mitego ambayo inabidi uijue mana inaharibu mchoro ulionyooka kabisa. Wa kwanza ni fonti. Michoro hii inasimama tu kwenye fonti ambayo herufi zote zina upana sawa, i na m zinachukua nafasi ileile. Ukiipesti kwenye barua pepe yenye fonti ya kawaida itapinda kama imelewa. Kwenye Markdown (maandishi yenye alama za mpangilio) unaizungushia alama tatu za mkato wa nyuma (```) juu na chini, kwenye HTML, lugha ya kurasa za wavuti, unaiweka ndani ya tagi ya pre, hata WhatsApp ukiweka hizo alama tatu mwanzo na mwisho inakupa fonti ya upana sawa. Usipofanya hivo Markdown inazibana nafasi tupu zote kuwa moja na mchoro wako unakuwa aya ya vistari.

Wa pili ni kitufe cha Tab. Kwako Tab ni nafasi nne, kwa mwenzako nane, kwa hiyo boksi lililonyooka kwako limechanika kwake. Nafasi tupu tu, siku zote.

Wa tatu wengi hawaujui mpaka uwaume. Ukichora ndani ya maelezo ya kodi ya C au C++ yanayoanza na mikwaju miwili //, na mstari wako ukaishia na mkwaju wa nyuma \ kwa sababu ulikuwa unachora mstari wa mshazari, kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa amri za mashine) inauchukulia mstari unaofuata kuwa mwendelezo wa maelezo. Kama unaofuata ni mstari wa kodi basi umemezwa, haufanyi kazi tena, na kwa macho unaonekana upo. GCC, mojawapo ya kompaila hizo, ina onyo lake kwa hilo, -Wcomment, lakini onyo linasaidia anaelisoma. Vilevile kwenye maelezo yanayofungwa kwa nyota na mkwaju */, ukichora nyota ikafuatwa na mkwaju umeshayafunga katikati ya mchoro. Kwenye Python mkwaju wa nyuma ndani ya maandishi ya kawaida nao una maana yake, weka r mbele ya zile nukuu tatu uwe salama. Au epuka mistari ya mshazari, ambayo ndo ninachofanya, mana hata ikikaa vizuri huwa haipendezi.

Vipi zile alama nzuri za Unicode (mpangilio mpana wa herufi za dunia nzima), zenye kona za ukweli?

```
┌──────┐     ┌──────────┐
│ Seva │────>│ Databesi │
└──────┘     └──────────┘
```

Zipo 128 kwenye eneo lake la Unicode, kuanzia U+2500 mpaka U+257F, na wazo lenyewe ni la zamani, IBM PC ya 1981 ilikuja na mistari ya kuungana hivi na VT100 nayo ilikuwa na yake. Zinapendeza, mistari inagusana bila pengo. Lakini kuziandika kwa mkono ni adhabu, huna kitufe chake, na faili likipita kwenye mfumo unaosoma herufi kwa mpangilio tofauti zinageuka madudu. Fonti nyingine hazina upana sawa kwa alama hizi, na kwenye baadhi ya mipangilio ya lugha za Asia Mashariki zinaonyeshwa kwa upana wa herufi mbili. Msimamo wangu: kama mchoro utahaririwa na watu wengi tumia kistari na alama ya kujumlisha, kama unatolewa na programu na hakuna atakayeugusa kwa mkono weka Unicode. Emoji usiweke kabisa ndani ya boksi, upana wake kila kifaa kinaamua chake.

Hapa kuna mkanganyiko mmoja inabidi tuutoe. Watu wakisikia "michoro kwa maandishi" wanataja Mermaid, PlantUML na Graphviz. Hizo ni kitu kingine. Kule unaandika maelezo ya mchoro alafu programu inakuchorea picha:

```
graph LR
  Kivinjari --> Seva
  Seva --> Databesi
```

Hiyo ni Mermaid, na tangu Februari 2022 GitHub (tovuti ya kutunzia kodi) inaigeuza kuwa picha yenyewe ukiiweka kwenye faili la Markdown. Faida yake kubwa ni kwamba kuongeza boksi ni kuongeza mstari mmoja, hupangi nafasi, na kwenye Git (programu ya kutunza matoleo ya kodi) ukilinganisha toleo la jana na la leo unaona mstari mmoja umeongezeka, wakati mchoro wa herufi ukipanua boksi moja mistari yote ya pembeni yake inaonekana imebadilika hata kama maana haijabadilika. Hasara yake ni kwamba mahali pasipo na hiyo programu unabaki na orodha ya mishale, sio mchoro, na pili huamui wewe nini kikae wapi. Kwenye kuelezea, mahali ni maana. Databesi ikikaa chini ya seva mbili msomaji anaelewa zote zinaitegemea, programu ikiamua kuirusha kona ya juu kulia hiyo maana imekwenda. Kwa mchoro mkubwa unaobadilika kila wiki nachukua Mermaid, kwa mchoro mdogo unaokaa juu ya kodi inayoeleweka kwa shida nachukua herufi. Kuna na njia ya katikati, ditaa inasoma mchoro wa herufi inaugeuza kuwa picha safi, kwa hiyo unabaki na chanzo kinachosomeka kwa macho.

Na sababu kubwa ya kutaka mchoro ukae ndani ya faili la kodi ni kwamba unaonekana na mtu ambaye yuko karibu kuufanya uwe uongo. Picha iliyoko kwenye folda ya nyaraka inazeeka kimyakimya, hakuna anayeikumbuka. Mchoro ulioko mistari kumi juu ya kodi unayoibadilisha unakutazama usoni. Ndani ya nyaraka za Linux kuna faili la memory-barriers.txt limejaa michoro ya herufi inayoonyesha prosesa mbili zinavyoweza kuona mabadiliko ya kumbukumbu kwa mpangilio tofauti, ni mada ambayo ukiisoma kwa maneno tu unaweza kulia, na wanaoihariri wanaihariri kwa edita ileile wanayoandikia kodi. Na anayekagua mabadiliko ya mwenzake anaweza kusema "mshale wa pili hapo siyo", kwenye mstari huohuo.

Kuna kundi moja la wasomaji ambalo michoro hii inalitesa, nao ni wanaotumia programu ya kusoma skrini kwa sauti. Wewe unaona boksi, yeye anasikia jumlisha, kistari, kistari, kistari, kistari, jumlisha. Hilo halitatuliki kwa kuchora vizuri zaidi. Kinachosaidia ni kuweka sentensi moja au mbili kabla ya mchoro zinazosema kila kitu kilichomo, mfano "kivinjari kinatuma ombi kwa seva, seva inauliza databesi, jibu linarudi kwa njia hiyohiyo", na kwenye ukurasa wa wavuti mchoro wenyewe ufichwe kwa alama ya HTML iitwayo aria-hidden ili msomaji wa sauti auruke. Hiyo sentensi usiiandike mwishoni kama kiraka. Iandike kabla hujachora hata kistari kimoja, alafu hesabu: majina yaliyomo ndo maboksi yako, vitendo ndo mishale yako. Ikikushinda kuiandika, bado hujajua unataka kuchora nini, na ikikutosha yenyewe bila mchoro, basi mchoro usiweke.